Ubao Uliomtaja Wagih

Ndugu yangu Wagih alifariki kabla ya Adhuhuri, akiwa ameketi kwenye kiti chake karakanani, mkono mmoja ukiwa juu ya kompyuta. Moyo ulisimama tu. Shukri, mwenzake wa kazi, alikuwa ametoka kununua bajia za asubuhi, akarudi akamkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayefikiri. Alimsemesha maneno kadhaa kabla hajatambua kwamba hajibiwi. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Nayaandika haya kwa sababu watu wa Mahalla, mji wetu wa viwanda vya nguo hapa Misri, wamesema mengi juu yake tangu azikwe, na mengi si ya kweli, na mimi Insaf ndiye dada yake mkubwa niliyembeba mgongoni.

Alikuwa mtu wa kawaida. Baba yetu alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, akatuachia ghorofa ya tatu inayotazamana na msikiti wa mtaa. Mimi nilimaliza sekondari ya biashara, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi nyumbani na cherehani yangu. Wagih alisomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Alimchumbia msichana mara moja, uchumba ukavunjika, akasema inatosha. Alipenda mbegu za alizeti, na maganda yake niliyaokota kila mahali: kwenye makochi, mifukoni, katikati ya vitufe vya kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mbao za misikiti, zile nyeusi zenye taa nyekundu na kijani zinazoonyesha saa, tarehe na nyakati za sala. Shukri alikata fremu na kuchomelea nyaya. Wagih aliandika programu inayoziongoza hizo taa, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambayo alisema ni ya zamani kama cherehani yangu na inafanya kazi bila maneno kama cherehani yangu. Chini ya nyakati za sala palikuwa na mstari wa tangazo unaotembea, na tangazo lililopita hapo mara nyingi lilikuwa la kifo. Mbao nyingine mjini zilikuwa na mstari wenye mwendo wa haraka. Wa msikiti wetu ulitembea polepole, kwa sababu mama alikaa roshani kila siku akiusoma, na mama alijifunza kusoma ukubwani.

Kwetu mtu hafi kwa jina moja. Ukitangaza kwamba Muhammad amekufa, nusu ya mtaa itapiga kelele. Hutajwa yeye, baba yake, babu yake, baba wa babu yake na ukoo, ili kila mtu ajue ni jeneza la nani. Kwa hiyo kazi kubwa ya ule ubao ilikuwa kupokea jina refu kutoka kwenye simu ya Shehe Lutfi, imamu wetu, na kulinakili mahali pake bila kulipunguza wala kulichanganya.

Siku moja nilimuuliza kunakili jina kuna ugumu gani hata mtu akeshe na macho mekundu. Nilikuwa nakata gauni. Akaichukua karatasi yangu ya kukatia, ile yenye vipimo, akaipunga.

"Jirani akiitaka hii, dada, una njia mbili. Unaweza kumwambia iko kwenye droo ya chini. Hapo hujampa kitu, umempa mahali tu. Siku ukiichoma, atafungua droo akute majivu, na atakata gauni kwa majivu. Au unakaa, unamkatia nyingine, mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo nakala. Hata ukifa wewe, yeye anayo yake."

"Kwa nini nife mimi? Ufe wewe."

Alicheka. Tulitaniana hivyo tangu utotoni, na sasa sipendi kulikumbuka neno hilo, ingawa naamini siku ya mtu imeandikwa kabla ulimi wa dada yake haujaumbwa.

Akaniambia pia kwamba mashine haijui jina linaishia wapi. Inasoma herufi moja baada ya nyingine mpaka ikutane na sufuri iliyowekwa mwishoni, hapo ndipo inanyamaza. Ukinakili herufi zote ukaiacha ile sufuri, mashine haitagutuka. Itaendelea kusoma chochote kinachofuata, kiwe chako au cha mtu mwingine, na itakitoa kama sehemu ya jina lako. Alisema kosa hilo limewaaibisha watu wakubwa kuliko yeye.

Miezi michache kabla ya kufa aliongeza kitu kwenye ule ubao. Mbali na mstari wa kifo, aliweka tangazo la pili la kuhani, lenye kusema watu wakutane wapi na saa ngapi kutoa pole. Halikutumika. Siku hizi familia nyingi kwetu humaliza kila kitu makaburini. Watu hupeana mikono pale pale na kutawanyika. Wa kwanza kuandikwa kwenye tangazo hilo alikuwa yeye. Shehe Lutfi aliliandika kwa simu yake akilia: marehemu Wagih Zaki Shalabi Halawani, kuhani ni leo baada ya Magharibi nyumbani kwao. Lilipita chini ya madirisha yetu siku zote za msiba, kisha shehe akalizima.

Mama hakulia. Alikaa roshani.

Wiki chache baadaye alifariki mzee mmoja muuza vitambaa, mtu wa ukoo mkubwa mwenye jina refu mno. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu niliposikia mama akiniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Nilitoka nikamkuta amesimama, ameshika chuma cha roshani. Mstari ulikuwa ukitembea. Likapita jina la mzee, la baba yake, la babu yake, na kabla halijafika kwenye ukoo likakatika, na bila nafasi katikati likaendelea: marehemu Wagih Zaki Shalabi Halawani, kuhani ni leo baada ya Magharibi nyumbani kwao.

Nilisoma tena lilipozunguka. Lilikuwa vile vile.

Baada ya Magharibi wanaume wanne walibisha hodi, wamevaa vizuri. Walidhani tunamfanyia Wagih arobaini yake. Nilitaka kuwaeleza mlangoni, lakini mama alikuwa amekwisha weka kahawa chungu motoni. Aliwakaribisha, akakaa kando ya mlango, akawasikiliza wakimsifu mwanawe. Walipoondoka alikuwa na rangi usoni.

"Umeona?" akaniambia. "Amekuja na wageni."

Tangu hapo ikawa hivyo. Akifa mtu wa jina fupi, ubao ulisema lake na kunyamaza. Akifa wa jina refu, mkia wa jina lake ulikatwa na Wagih akatokea nyuma yake, akiwaita watu nyumbani. Nilikuwa nikitoka sokoni na kitambaa kwapani, nainua macho, namkuta ndugu yangu anapita kwa taa nyekundu nyuma ya jeneza la mtu mwingine. Nilisoma Fatiha. Wanawake wa mtaani walisema hajatulia kaburini. Wengine walisema anachagua wa kufuatana nao. Watoto wa mzee mmoja walimwendea shehe kwa hasira kwamba baba yao amenyang'anywa ukoo wake siku ya maziko na kupewa mtu wa watu wengine.

Shehe Lutfi alikataa maneno ya mizimu. Alisema roho ziko mikononi mwa aliyeziumba, hazining'inii kwenye taa. Lakini niliona alipokuwa akiandika jina la maiti kwenye simu alitazama ubao kwa pembe ya jicho. Shukri alipanda ngazi mara kadhaa, akabadilisha nyaya, akafuta vumbi, akasoma Ayatul-Kursi mbele ya ubao, akashuka.

"Waya si tatizo, dada Insaf," aliniambia. "Tatizo limo ndani, na ndani mimi siingii. Ndani alikuwa anaingia yeye."

Nilimwambia auzime basi. Akasema hawezi kuuzima bila ruhusa ya mama, kwani mama alimwita siku ile alipoonekana kwenye ngazi na kumwapisha asimguse mwanawe.

Mama alibadilika. Alikataa kwenda makaburini siku za Alhamisi, akisema anakwenda kufanya nini kule wakati mtoto yuko hapa. Alipojua kuna jeneza, aliniuliza kwanza jina la marehemu, na kama lilikuwa fupi alishusha midomo.

"Watu wengine hata kufa hawajui," alisema siku moja. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alilisema kama alivyokuwa akisema mambo zamani. Yeye hakucheka.

Nyuma ya jengo letu aliishi Haji Abdelmaqsud, aliyefanya kazi na baba kwenye mitambo ya kufuma. Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na vumbi la pamba, na mwaka huo kilimzidia. Mama akaanza kumpikia mchuzi wa njiwa. Alinunua njiwa wanono, akawapika taratibu na iliki, akanipa bakuli nimpelekee. Nilifurahi. Niliona kwamba ameanza kutoka kwenye msiba wake na kuwatazama wengine. Mkwe wa Haji alimwombea mama dua kila nilipofika, na Haji mwenyewe aliniambia kwa pumzi za kukatika, "Mwambie mama yako, Mungu amlipe kwa kila tone."

Niliporudi, mama aliniuliza anapumuaje.

"Afadhali leo, alhamdulillahi. Amekaa, amekula lote."

Akauliza tena. "Miguu imevimba?"

"Imevimba kidogo."

"Na usiku analala chali au anakaa?"

Nilimjibu, lakini nilimtazama. Alikuwa amegeuka kuelekea msikitini, na midomo yake ilikuwa ikienda kama anayehesabu tasbihi. Nikasogea nisikie dhikiri gani. Alikuwa akisema: Abdelmaqsud, Abdelazim, Abdelgawad, Abdelrazzaq, Kishar.

Bakuli lilikuwa bado mkononi mwangu. Nililiweka chini.

"Mama. Unamngojea Haji afe?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo dogo.

"Mimi simuui, Insaf. Namlisha njiwa. Lakini akienda si anaenda tu? Na akienda ataniletea mwanangu mpaka jioni."

"Haji alimbeba baba yetu kaburini, mama."

"Najua. Ndiyo maana nampikia njiwa, simpi kuku."

Niliingia chumbani, nikatandika mswala, sikumbuki nilisali nini. Mama yangu alifunga Ramadhani zake zote, na alikwenda Makka kwa pesa aliyoikusanya kwa miaka. Sikuogopa tena ule ubao. Nilimwogopea yeye, kwamba atakutana na Mola wake akiwa mtu anayeomba majirani wafe. Jina la Wagih kwenye zile taa lilikuwa tamu hata kwangu, ningesema uongo nikikana. Lakini lilikuwa linamla mama yetu.

Baada ya Asri nilikwenda kwa Shehe Lutfi na kumweleza yote, na pale pale tukamwita Shukri. Nikamwambia kiapo cha mama nitakijibu mimi. Alijikuna shingo, kisha akasema yuko mwanamke mmoja mjini Tanta, mhandisi Rihab, aliyesoma na Wagih na kumsaidia kazi mwanzoni. Alikuwa ameshindwa kuja mazikoni kwa sababu ya uzazi.

Alikuja karakanani Ijumaa baada ya sala, akatukuta mimi, Shukri na Shehe Lutfi; mtoto wake alikuwa mgongoni mwa bibi yake, mama wa Rihab, aliyefuatana naye. Shukri alimletea kiti kingine. Yeye alitazama kile cha Wagih, akavuta hicho kingine, akaifungua kompyuta. Alisoma muda mrefu. Mara nyingine alitabasamu peke yake, kama mtu anayesoma barua ya anayemjua. Kisha akaacha kutabasamu.

"Ah, Wagih," alisema.

Nilimwuliza ameona nini.

"Njoo, dada. Hapa alitenga chumba cha jina la maiti, viti sitini na vinne. Pembeni yake, ukuta kwa ukuta, chumba cha tangazo la kuhani. Jina linapokuja, analinakili kwa amri inaitwa strncpy. Ni amri ya mtu mwangalifu, haimwagi herufi nje ya chumba. Lakini jina likikijaza chumba chote, hapabaki kiti cha sufuri, na yenyewe haiiweki. Kwa hiyo mashine inafika ukutani, haioni alama ya kusimama, inaingia chumba cha pili. Na chumba cha pili yumo yeye."

"Shehe alilizima tangazo lake."

"Kuzima hapa ni kuacha kulionyesha tu. Herufi zilibaki mahali pake."

"Na kabla hajafa? Majina marefu yalikuwepo."

"Chumba cha pili kilikuwa kitupu, mwanzo wake sufuri. Jina lilikatwa mkia likasimama. Hakuna aliyelalamika sana."

Shukri alisema ni kweli, watu walidhani shehe hufupisha.

Nikasema lililonichoma. "Lakini jambo hili la sufuri alilijua, alinieleza mwenyewe."

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Basi ilikuwaje?"

Rihab alifikiri jinsi ya kuniambia. "Alitazama sitini na nne akasema, jina gani litafika huko? Akasahau kwamba kwenye mashine herufi moja yetu ya Kiarabu inakalia viti viwili. Sitini na nne ni thelathini na mbili tu. Sisi sote tunalisahau, dada. Vitabu tulivyojifunzia vimejaa majina mafupi mafupi ya Wazungu, hayana babu wala ukoo."

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Si kwa aibu yake. Kumbe hakuwa roho iliyopotea, wala ishara, wala adhabu ya kaburi. Lilikuwa kosa tu la mkono wake, la mtu aliyechoka, mwenye maganda ya alizeti kwenye vitufe. Nilihisi nimemgusa.

Rihab alisubiri. Kisha akasema kurekebisha ni kazi ya saa moja: ataongeza chumba, aweke sufuri kwa nguvu mwishoni kila mara, na atapanda na Shukri kuiingiza programu mpya kwenye ubao. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lazima tuamue sisi.

"Herufi zake naweza kuziacha zilipo. Hazitasomwa tena, lakini zitakuwepo. Au nizifute kabisa. Unataka nini?"

Shehe Lutfi alitazama sakafu. Shukri alitoka nje. Niliwaza kwamba tukiziacha, mama atajua, nami sitaweza kuvumilia siku atakaponiomba ziwashwe tena mara moja tu, halafu mara moja nyingine. Na niliwaza vilevile kwamba hakuna mahali pengine duniani ambapo jina lake linangoja hivyo.

"Zifute," nilisema.

Alijaza chumba chote sufuri, kiti baada ya kiti. Mimi nilisoma Yasini mpaka alipomaliza.

Mama aliwaona Rihab na Shukri kwenye ngazi kutoka roshani. Nilipopanda nyumbani alinigeuzia mgongo. Hakusema nami siku nyingi. Na aliacha kupika njiwa. Hilo liliniuma kuliko ukimya wake. Nikawapika mimi, kwa mikono yangu isiyojua njiwa, nikawa nampelekea Haji, naye alikula akisema tu kwamba iliki imepungua.

Haji Abdelmaqsud alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi, asubuhi, huku mkwe wake akimnyanyua anywe maji. Nilisikia kilio nyuma ya jengo. Mama alikuwa tayari ametoka roshani, na shela yake ya nyumbani imemwanguka begani. Sikumzuia. Nilikwenda nikasimama karibu naye.

Mstari ulianza. Abdelmaqsud. Abdelazim. Abdelgawad. Abdelrazzaq. Ukatoa Kishar, ukoo mzima, herufi kwa herufi, ukasema sala ya jeneza ni baada ya Adhuhuri. Kisha taa zikawa nyeusi. Mama alinyoosha shingo. Giza lilipita kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine, na jina la Haji likaanza upya.

"Kwisha?" aliuliza.

"Kwisha, mama."

Aliliacha lizunguke tena na tena. Mwishowe akaketi.

"Abdelmaqsud," alisema. "Baba yenu alipougua, yeye ndiye alikuwa anafanya zamu zake mbili na kutuletea mshahara wa wote wawili. Nimemwacha bila mchuzi mwezi mzima."

"Nilimpelekea mimi."

"Wa kwako si mchuzi." Akanipa mkono nimwinue. "Nitolee nguo nyeusi. Na uniteremshe taratibu, magoti yangu haya."

Tulishuka ngazi zote, tukipumzika kila ghorofa, kwa mara ya kwanza tangu jeneza la Wagih lishuke hapo. Nyumbani kwa Haji wanawake walimpisha akae karibu na binti zake. Mama aliwashika mikono, akafungua mdomo kuwapa pole. Akalia. Alilia mpaka binti za Haji wakaacha kulia wao wakamshika, mmoja akimpangusa uso, mwingine akimletea maji, na wanawake wakaulizana kwa kunong'ona kumbe Mama Wagih alimpenda jirani yake namna hii.

Nilimwacha alie mpaka adhana ya Adhuhuri.